Mahindi juu ya njia ya umma

Kushuka treni stesheni moja, kukatiza mashamba kwa miguu, kisha kupandia treni stesheni nyingine: hayo ndiyo matembezi ninayoyapenda hapa Uingereza. Otford hadi Eynsford kule Kent, ukifuata bonde la mto Darent, ni raha tupu. Kinachonikera ni wakulima wanaopanda mahindi juu ya njia ya umma, yaani njia ya miguu inayopita kwenye mashamba ya watu na ambayo kila mtu ana haki ya kuipita.

Unafika kwenye kigingi chenye mshale wa njano. Mshale unaonyesha mbele, na mbele ni ukuta wa mahindi yaliyokupita kimo, mstari kwa mstari, hakuna hata mwanya. Ukijipenyeza, majani yanakuchana mikono, umande unaloanisha mpaka soksi, na hujui tena unaelekea wapi. Ukizunguka ukingoni, muda umekwenda. Treni za stesheni ndogo, hasa Jumapili, mara nyingi ni moja tu kwa saa!

Na sheria ipo, tangu 1990. Mkulima akilima njia inayokatiza shamba, anatakiwa airudishe ndani ya siku 14, kwa kawaida upana usipungue mita 1, na mazao yasiizibe. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi hata kuilima. Si fadhila anayotufanyia. Kupitisha trekta mara moja mimea ikiwa michanga kunatosha kabisa kuifungua njia.

Ukikuta imezibwa, piga picha na upeleke malalamiko halmashauri ya kaunti siku hiyohiyo, maana wakishavuna ushahidi umekwisha.