Zilipendwa na nani, hadi lini?

Pekua sanduku la Afrika Mashariki kwenye duka la santuri kuukuu hapa London, utakuta santuri ya inchi 7 iliyofyatuliwa Nairobi miaka ya sabini, imevalishwa nailoni safi, na kikaratasi juu yake: bendi, mwaka, hali ya upande A, hali ya upande B. Inafurahisha, na inauma. Maana nyumbani wimbo huohuo ukipigwa redioni, mtangazaji anaongea juu ya utangulizi, mpiga gita la solo hatajwi, na wimbo unakatwa kabla ya chemko.

Kabla ya chemko, ndugu zangu! Wimbo wa dansi wa enzi ile una nusu mbili. Kwanza kisa, polepole, mwimbaji anashtaki au anausia. Halafu linakuja chemko: gita la ridhimu linageuka, solo linang'ang'ania kipande kifupi na kukizungusha, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, waimbaji wanataja mtindo wa bendi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba kama dakika nne kila upande, kwa hiyo mara nyingi kisa kilikaa A na chemko likahamia B. Anayekupigia A peke yake amekukaribisha chakula, ukaishia kunawa mikono.

Najua mtakachosema: huyu kafika Ulaya, sasa anatufundisha muziki wetu. Sivyo. Mwenye duka la London si mjanja kuliko fundi redio wa Kariakoo. Ana hela, na ana chumba kisicho na unyevu. Sisi Tanzania hatukuwa hata na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi za Dar zilirekodiwa Redio Tanzania kwenye kanda, na aliyetaka santuri alielekea Nairobi, hadi mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa 1977 na safari yenyewe ikawa kazi. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni kwa nini leo, ili nijue nani kapiga solo kwenye wimbo wa nyumbani, nifungue kijitabu cha Kifaransa kilichomo ndani ya albamu. Taarabu ya Unguja ilitolewa London 1988, na mfululizo wa albamu za Zanzibara unatoka Ufaransa tangu 2005. Najivunia kuziona rafuni, na papo hapo nakereka.

Wengine watanidakia: Bongo Fleva ndiyo imeharibu. Hapana. Muziki wa biashara unafuata mahali pesa inapohesabiwa. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, basi kila mtunzi anakimbilia kiitikio mapema, na chemko la dakika ya tano halina pa kukaa. Msanii hana kosa hapo. Kosa ni letu tunaosikiliza tu tulichosukumiwa, kisha tunalalamika kwamba muziki mzuri umekufa.

Muziki mzuri unatafutwa kwa kumfuata mtu. Mfuate mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo: NUTA Jazz 1964, Mlimani Park 1978, Orchestra Safari Sound 1985. Njia hiyo moja inakupa bendi tatu na wenzake wote. Usikwame kwenye jina la bendi pia: NUTA ilikuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Ukiandika jina moja unakosa miaka mingi ya kazi. Na ukisikia nakala ya mtandaoni mwimbaji ana sauti ya kitoto, kanda ilikimbia wakati wa kunakili; punguza mwendo kwa asilimia 6 hivi, sauti inashuka nusu toni. Mara nyingi inatosha.

Wala usiishie kwa wazee. Singeli, muziki wa kasi wa vijana wa Dar wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, iliitwa uhuni hapohapo nyumbani, na mkusanyo wa studio ya Sisso ukatolewa na lebo ya Kampala mwaka 2017. Wazungu wakaicheza. Tukisubiri, na hiyo nayo tutaiita zilipendwa, kama vile kupenda kulikwisha.

Halafu kuna ile kaseti iliyomo kabatini kwa mzee. Usiibonyeze tu. Izungushe mpaka mwisho na kurudi, utepe uachane. Tazama kisponji kinachousukuma kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe. Kikiwa kimebanduka, utasikia sauti ya mbali, ya chini ya maji. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Sauti ikiwa bado nzito, kaza au legeza kidogo sana skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi mpaka matoazi yang'ae. Rekodi kwa WAV, si MP3, na mshale wa kipima sauti usiguse nyekundu. Pande zote mbili, chemko lote. Kisha, kabla mzee hajalala, muulize solo ni nani na ridhimu ni nani, uyaandike majina hayo kwenye jina la faili.