Mtambo Mbovu

Nilikuwa na wiki mbili tu maabara, lakini kichwani nilishajipa ubingwa. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupima maji yaliyokenekwa, yaani yale ambayo mtambo wetu huyachemsha na kuupoza mvuke wake, kabla wenzangu hawajayachota: kwanza pH, yaani ukali wa asidi, kisha upitishaji umeme. Maji yakiwa safi umeme hupita kidogo mno. Yetu yalizoea kusoma mikrosimensi 2 kwa sentimita, au chini ya hapo.

Siku hiyo mita ikaniambia 214.

Nikamwaga, nikachota mengine, nikapima upya. pH, kisha umeme: 230. Nikaijaribu mita kwa ule myeyusho wa potasiamu kloridi unaotakiwa kusoma 1413 kwenye nyuzi 25. Ikasoma 1413, haikupepesa. Basi mita nzima, mgonjwa ni mtambo.

Hapo ningenyamaza, ningepona. Nikabandika karatasi: MBOVU. USIGUSE. Nikaita fundi. Akaufungua mtambo, akatoa koili, akakwangua chokaa iliyogandia, huku mimi nikitikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. Wenzangu foleni, chupa tupu mikononi, hadi karibu saa saba. Mtambo ukafungwa, ukachemka, maji yakaanza kudondoka. Nikapima mbele ya kadamnasi.

219.

Fundi akanitazama. Mimi nikautazama mtambo.

Dada anayeosha vyombo alikuwa ameegemea sinki muda wote. "Kaka, hiyo ya pH mbona inachuruzika?"

Elektrodi ya pH, kile kijiti cha kupimia, hulala ndani ya kikopo cha potasiamu kloridi, moli 3 kwa lita. Chumvi kweli kweli. Nilikuwa naichomoa humo na kuitumbukiza kwenye bika bila kuisuuza, kisha bika lile lile nalipima umeme. Tone moja tu la mililita 0.05 kwenye mililita 100 za maji linatosha kukufikisha 200 na ushee. Yaani nilikuwa natia chumvi mwenyewe, halafu namkamata mpishi.

Dada akachota bika jipya, akachovya elektrodi ya umeme peke yake. 1.8.

Fundi alikusanya spana zake bila neno. Ile karatasi sikuiona tena mtamboni, nikashukuru kwamba yamekwisha. Kesho yake nilivaa koti langu la maabara hadi saa sita, nikizunguka kila chumba, ndipo mtu mmoja akanihurumia na kunibandua mgongoni: MBOVU. USIGUSE.