Malkia wawili mkononi, na mtu anasukuma zote

Poka ya mtandaoni, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Umepewa malkia wawili. Wewe na mpinzani wako kila mmoja ana mara 100 ya blaindi kubwa, yaani lile dau la lazima. Unafungua kwa 3, anapandisha hadi 10, unampandishia hadi 24, naye anasukuma zote 100. Saa ya mezani inakuhesabia sekunde. Unafuata au unatupa?

Wanaosema tupa hawasemi kwa woga. Huyu mtu amekuona ukikataa kutishika, na bado ameweka kila alichonacho. Kwenye meza za dau dogo wachezaji wengi hawana moyo wa kufanya geresha ya ukubwa huo kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Wakifika hapo, mara nyingi wameshika ree mbili au wafalme wawili, na dhidi ya jozi hizo malkia wako watashinda kama mara 18 au 19 kwa kila 100. Anayefuata kwa nafasi hiyo anagawa pesa.

Wanaosema fuata wanachukua kalamu. Umeshaweka 24, kwa hiyo umebakiwa na 76 za kuongeza, na mezani tayari kuna kama 125 ukijumlisha blaindi za wengine waliokimbia. Ili kufuata kusikutie hasara unahitaji nafasi ya karibu asilimia 38. Sasa hesabu njia za kuupata kila mkono. Ree mbili zina njia 6, wafalme wawili 6. Lakini ree na mfalme wana njia 16, kwa sababu kila moja ya ree nne inaweza kukutana na kila mmoja wa wafalme wanne. Dhidi ya ree na mfalme, malkia wawili wanashinda kama asilimia 56. Ukichanganya yote unapata karibu asilimia 40. Inalipa, lakini kwa upenyo mdogo sana. Akiwa ni mtu wa kusukuma hata na ghulamu wawili na kumi mbili pia, unavuka nusu na hakuna cha kujadili.

Kwa hiyo ugomvi wote hauwahusu malkia hata kidogo. Swali ni moja tu: huyu mtu, akiwa na ree na mfalme, angesukuma? Kama ndiyo, fuata. Kama yeye hungoja kwanza aone karata tatu za mezani, tupa bila kujuta. Mimi hufuata, isipokuwa kwa yule aliyekaa kimya mikono mia tatu kisha akaamka ghafla.

Hapo ndipo mtandao unapotofautiana na meza ya ana kwa ana. Huoni uso wala mkono unaotetemeka, ila zipo programu zinazokuhesabia mwenendo wa mtu, kwenye tovuti zinazoziruhusu. Ikionyesha kwamba fulani hupandisha juu ya dau la mwingine kwa asilimia 3 tu ya mikono, hiyo ni kama njia 40 kati ya 1,326 zilizopo: jozi zote kuanzia ghulamu hadi ree, pamoja na ree na mfalme, basi. Ni picha iliyo wazi. Lakini asilimia hiyohiyo ikitokana na mikono 30, maana yake ni kwamba alipandisha mara moja. Wengi husahau kutazama idadi ya mikono. Kasi ya kubofya nayo naipa uzito mdogo. Huenda ni intaneti yake tu, au anacheza meza nne kwa pamoja.

Wafalme wawili sijadili sana. Nafasi ya mpinzani mmoja kuwa na ree mbili haifiki hata nusu ya asilimia moja. Akionekana nazo, ndiyo siku yake.

Suala la kujificha na ree mbili, yaani kufuata tu ili mwenzako aendelee kujitapa, lina pande mbili za kweli. Mpinzani akiwa mmoja, tena mkali, unaweza kumwacha ajichimbie. Wakiingia wengi, mtego unakunasa wewe: ree mbili hushinda asilimia 85 dhidi ya mkono mmoja wowote, lakini dhidi ya mikono mitano hushuka hadi karibu nusu.

Baada ya karata za mezani kufunuliwa ndipo ninapogeuka. Una wafalme wawili, mezani kuna 10, 7, 2 kisha 4, za rangi tofauti. Mtu aliyekuwa akifuata kimyakimya sasa anapandisha kwa vyote alivyo navyo. Mikono yenye tatu zinazofanana, yaani jozi mkononi ya 10, 7, 2 au 4, inapatikana kwa njia 12, na ukikutana nayo unaomba mfalme mmoja kati ya wawili waliobaki katika karata 44. Kama bei inakudai nafasi ya asilimia 30, basi kwa njia hizo 12 lazima awe na angalau 6 za kubahatisha, mfano tisa na nane anayesubiri mfululizo. Mkali wa kweli anazo, tena zaidi. Mchezaji mpole hana, maana yeye na tisa na nane angefuata tu aone karata ya mwisho. Ndiyo maana wafalme haohao niliosukuma nao bila kufikiri dakika moja iliyopita, hapa nawatupa.

Tovuti nyingi huhifadhi mikono uliyocheza. Siku moja nilichuja yangu, nikabakiza ile tu niliyopandishiwa kwenye karata ya nne nami nikafuata nikiwa na jozi kubwa. Mikono mingi niliyokuwa nikiilalamikia kuwa ni bahati mbaya ilikuwa imeshapotea kabla sijabofya.