Mtoto naye ana haki ya kuacha

Kwa sherehe hatujambo. Mtoto akizaliwa anabatizwa, akikua kidogo ana komunyo, halafu kipaimara, mahafali ya darasa la saba, mahafali ya kidato cha nne, na akiwa binti kuna sendofu kabla ya harusi. Kila hatua ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp ambamo ukichelewesha mchango jina lako linabandikwa hadharani. Sina ugomvi na sherehe, nyama choma nakula. Ninachoshangaa ni kwamba katika mlolongo wote huo hakuna hata siku moja iliyotengwa kwa mtu aliyeamua kuacha kitu. Anayeanza anapigiwa vigelegele. Anayeacha anaitiwa kikao.

Kikao hicho nakijua kwa sababu kiliitishwa juu yangu. Nilikuwa afisa mikopo wa benki hapa Mwanza, nimeshavuka miaka arobaini, nina mke mwalimu na watoto wawili. Niliandika barua, nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa mtu wa mshahara wa mwezi, nikawaambia ndugu kwamba naenda kufuga sato kwenye vizimba ziwani. Baba mdogo akasafiri kutoka Geita. Alikaa, akanywa chai kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, umefukuzwa au kuna fedha imepotea? Sema tu, tujue tuanzie wapi."

Hawakuamini kwamba mtu anaweza kuacha kazi ya benki bila kashfa, na sikuwa na hadithi nzuri ya kuwapa. Wengi wakisimulia walivyobadili kazi husema walitaka kuwa karibu na familia. Mimi niliacha kwa sababu nilichoka kwenda kwa mama muuza dagaa kuhesabu makochi yake eti marejesho yamechelewa, na kwa sababu kila nilipotumwa kukagua miradi ya wafugaji wa samaki, kuwapima kama wanakopesheka, nilikuwa nachelewa kurudi ofisini. Niliipenda kazi yao. Basi.

Hesabu zake hazikuwa nyepesi. Anayeacha kazi kwa hiari hana fao la kukosa ajira kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hilo ni la aliyeachishwa. Bima ya afya iliondoka pamoja na kitambulisho. Vifaranga unawaweka leo, unavuna baada ya miezi sita hadi minane, na muda wote huo wanakula kila siku, na chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama. Halafu kuna siku upepo unachanganya maji, oksijeni inashuka, unaamka unakuta samaki wanaelea. Mwaka wa kwanza tuliishi kwa mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo kuacha kwangu kulikuwa na bei, na bei hiyo sikuilipa peke yangu. Hata hivyo niliruhusiwa. Walinung'unika, wakasali, wakaniruhusu.

Sasa kijana wangu. Alikuwa kiungo, namba sita, wa wale wanaoangalia nyuma kabla mpira haujafika. Akiwa shule ya msingi alipanda kutoka timu ya kata hadi ya wilaya, kisha akachukuliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Sekondari akaingia kituo cha kukuza vipaji. Alipofika kidato cha tatu akaja jioni moja, akasimama mlangoni: "Shikamoo baba. Baba, mimi mpira basi." Nikamuuliza kama ameumia, au amegombana na mtu. Hakuna. Alisema amechoka kuogopa Jumamosi. Anataka akimaliza kidato cha nne aende chuo cha ufundi cha VETA akasomee umeme.

Kikao cha safari hii hakikuhitaji hata kuitishwa, kilijileta chenyewe. Kocha alipiga simu. Shemeji alipiga simu. Jirani alinifuata mpaka mwaloni, kule ziwani samaki wanakoshushwa, mimi nimeshika ndoo, akaniambia: "Wewe una dhahabu ndani ya nyumba, unaiacha iende kushika nyaya?" Kila mmoja alikuwa na jina moja mdomoni, Mbwana Samatta. Na kweli, safari yake ni ya kujivunia: African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, kisha Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini wale vijana waliovaa naye jezi moja wakati huo, waliokuwa na mapafu na miguu kama yeye, wako wapi? Jirani hakuwa na jibu, na mimi sikumlaumu. Mtu hawezi kuishi kwa kuhesabu waliokwama.

Kilichonikera ni neno mtaji. "Mtoto wako ni mtaji." Nimekaa kwenye mikopo miaka mingi, na najua mtaji ni kitu ambacho mwenye nacho anakipangia, na chenyewe hakiulizwi. Mtu mzima mwenye stashahada, mwenye mke anayelipwa, anaweza kutoka kwenye kazi iliyomchosha, na ukoo ukazoea. Kijana wa miaka 16 anaambiwa alichochagua akiwa na miaka 10 ndicho atakachofia nacho. Kwa nini? Kuacha kwake hakuigharimu nyumba hata gunia moja la mahindi.

Kwa binti yangu mambo yamegeuka kwa namna nyingine kabisa. Ana miaka 14, beki wa kushoto. Miaka michache iliyopita shangazi yake alikuwa anauliza nani ataoa msichana mwenye makovu kwenye magoti. Kisha mwaka 2022 Serengeti Girls wakaenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia. Tukaona Aisha Masaka anakwenda Sweden na baadaye Brighton, tukaona Clara Luvanga yuko Al Nassr. Shangazi yuleyule sasa anauliza mtoto anasafiri lini.

Hasafiri. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi kuhama kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanazunguka viwanjani na simu mbili mkononi wakiahidi majaribio Ughaibuni, na wanachoanza nacho ni ada ya pasipoti. Mwingine alinishauri nimpunguzie binti miaka miwili "ili awe na nafasi ndefu." Kwa wavulana wa chini ya miaka 17 FIFA ilianza mwaka 2009 kukagua umri kwa kupiga picha ya MRI ya mifupa ya kifundo cha mkono, lakini hata kama kipimo kisingekuwepo, ni mtoto gani unayemwomba asahau siku aliyozaliwa, wewe uliyemchinjia mbuzi siku hiyo?

Mwaka huu kipaimara chake kimeangukia Jumamosi ya mechi ya wilaya. Askofu habadili tarehe, wilaya nayo haibadili. Alichagua kanisa, akamwambia kocha mwenyewe, na mechi mbili zilizofuata akakaa benchi. Mama yake alitaka niende kuzungumza na kocha. Sikwenda. Aliyechagua ni yeye, na nafasi ya kucheza hupangwa na kocha.

Najua swali linalofuata, nimelisikia kwa wazazi wenzangu tukiwa tumekaa juani pembeni ya uwanja: ukimruhusu mtoto kuacha mpira, kesho ataacha shule, keshokutwa ataacha ndoa. Nyumbani tuna masharti. Huachi katikati ya msimu, kwa sababu wenzako wamekupangia. Huachi siku mliyofungwa. Na habari unampelekea kocha kwa mdomo wako, humtumi baba. Kijana alisubiri karibu muhula mzima kabla ya kuondoka, na katika kusubiri huko alicheza vizuri kuliko mwanzo, jambo ambalo lilimchanganya kocha zaidi.

Shule nailinda kwa sababu nyingine. Mimi niliweza kutoka benki kwa kuwa nilijua kuandika mpango wa biashara na kusoma mizania. Mtoto aliyetolewa darasani ili afanye mazoezi mara mbili kwa siku hana mlango wa kutokea. Kituo kinachomfungia mlango huo, hata kikimpa njumu na chakula cha bure, mimi mwanangu simpeleki.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho vituo vyetu vingeweza kukifanya bila gharama yoyote. Kijana alipoondoka alitolewa kwenye kundi la simu siku hiyohiyo, na wenzake wakaambiwa wasimkaribishe mazoezini. Miezi ikapita hajagusa mpira. Alirudi kuupiga kwenye ndondo za mtaani, safari hii kama winga, nafasi ambayo hakuna kocha angempa, na anapoteza mipira mingi na kucheka. Kwani ilikuwa lazima apoteze marafiki pamoja na namba?

Mke wangu hakubaliani na mimi katika hili lote, na ni haki kulisema. Yeye yuko darasani kila siku na anasema watoto wengi huacha jambo wiki moja kabla halijaanza kuwa rahisi, na kwamba mwanangu angesukumwa mwaka mmoja tu angeshukuru. "Wewe mwenyewe," aliniambia, "mama yako angekuachia, chuo usingemaliza." Hapo ana hoja, maana mama aliwahi kunirudisha chuoni kwa basi la usiku. Nilimjibu kwamba mama alinirudisha kwenye masomo, hakunirudisha kwenye kwaya, nayo niliiacha mwaka uleule. Akasema kwaya haina Ulaya. Tumebishana mpaka umeme ukakatika, na hatujamaliza.