Mjukuu Wangu Ndara

Saa tisa usiku nimepiga magoti juu ya zulia, mkono mmoja kipimajoto, mkono wa pili daftari, begani taulo tatu safi. Mbele yangu kalala Tausi, buldogi wangu wa kilo 23, anakoroma kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Kifuani kaikumbatia ndara yangu ya kushoto.

Mke wangu akachungulia mlangoni. Akanitazama kitambo.

"Mkunga, ukimaliza kuzalisha, zima taa."

Akarudi kulala. Nikaandika daftarini: saa tisa na dakika kumi, nyuzi 38.4, hakuna mabadiliko, mama mtoto ametulia. Nilikuwa nimesoma kwamba mbwa akikaribia kuzaa joto la mwili hushuka karibu nyuzi moja, na kwamba baada ya hapo watoto hawachukui siku nzima. Basi nilikuwa nikimpima kila baada ya saa sita, kwa siku nne mfululizo, na kwa njia ambayo Tausi hajanisamehe mpaka leo.

Kusoma ndiko kulikoniponza. Mtu asiyesoma kabisa angemuuliza daktari.

Yote yalianza na mkia. Kila niliposoma niliambiwa jike likiwa tayari kupandwa husogeza mkia pembeni. Vizuri sana kwa mwenye mbwa mwenye mkia. Mkia wa Tausi ni kama kizibo cha chupa kilichosokotwa kikakwama. Ndivyo buldogi wengi wanavyozaliwa, pingili za mkia zimejikunja ndani kwa ndani. Ili nijue kama kizibo kimeelekea kulia au kushoto, nilimfuata nyuma na tochi siku tatu. Akisimama, nainama. Akikaa, nasubiri. Jirani alinikuta uani katika hali hiyo, akasalimia haraka haraka akaingia ndani kwake na kufunga mlango.

Siku ya tano tangu nione damu ya joto, yaani kile kipindi cha jike kupandwa, nikamkuna juu kidogo ya kile kizibo. Akanigeuzia makalio yote, akayasukuma kwangu, macho yamelegea, mguu wa nyuma unapiga sakafu. Nikaruka juu. Tayari huyu!

Nilikuja kuambiwa baadaye kuwa buldogi, kwa mwili ulivyojengwa, hafikii mgongo wake kwa mdomo wala kwa mguu, kwa hiyo yeyote atakayemkuna pale atageuziwa makalio siku yoyote ya mwaka, joto liwepo lisiwepo. Na siku kama tisa za mwanzo za joto, madume humtaka yeye, yeye hawataki. Damu inapopauka, ikawa kama maji ya rangi ya nyasi kavu, ndipo moyo wake hulainika. Ya Tausi ilikuwa bado nyekundu kama wino wa mwalimu. Niliiona. Nikaipuuza, maana makalio yalikuwa yameshasema.

Nikampigia jamaa yangu mwenye Kamanda. Kamanda ni buldogi dume, kifua kama pipa, miguu kama ya meza iliyokatwa kwa bahati mbaya. Mababu zake kule Uingereza walipambanishwa na mafahali mpaka sheria ilipopiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Yeye hupambana na ngazi. Hushindwa.

Walipofika, Kamanda alikwenda moja kwa moja pale Tausi alipokojoa. Akanusa, akalamba, mara meno yakaanza kugongana, ta-ta-ta-ta, na povu likamjaa mdomoni.

"Ndugu yangu, ana homa huyu?" jamaa akauliza.

"Wasiwasi wa bwana harusi," nikamjibu, kitaalamu kabisa.

Kumbe dume hufanya vile ili kuipandisha harufu kwenye kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, ambacho kazi yake ni kupokea habari za jike. Kwa hiyo Kamanda alikuwa akisoma barua, na barua ilisema wazi: bado. Chumbani tulikuwa viumbe wanne, na waliojua kusoma walikuwa wawili, wote wenye miguu minne.

Sasa mtazame Tausi. Naieleza polepole kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake, mwanga wa kutosha, na sikuona kitu. Kwanza aliganda. Mwili mzima ukawa kama umemwagiwa saruji. Kisha akageuza uso ukutani, lakini macho yakabaki kwa Kamanda, mpaka ukaona mwezi mweupe mwembamba pembeni ya jicho. Akalamba pua mara mbili, haraka, ulimi ukatoka na kurudi kama mtu anayechungulia dirishani asionekane. Halafu akapiga mwayo mkubwa, mpaka mikunjo ya uso ikarudi nyuma kama pazia.

Nikamfasiria jamaa: "Ameangalia pembeni, ni haya. Analamba midomo, amempenda. Anapiga miayo, yuko huru kabisa."

"Mwanamke aliyelelewa," jamaa akasema.

Mwanamke aliyelelewa akafunga meno hewani, kap!, sentimita mbili kutoka puani mwa Kamanda. Na tukumbuke pua yenyewe haijachomoza. Sentimita mbili hapo ni karibu na ubongo.

Niseme kwa kumtetea Tausi, alikuwa ameomba kwa adabu mara nne. Kwa uso wa buldogi adabu hiyo ina kazi kuonekana. Mbwa wengine hukunja pua wanapokasirika. Yeye pua imekunjwa tangu azaliwe. Wengine huonyesha meno. Yake ya chini yanachungulia hata akiota ndoto nzuri. Wengine huanza kuunguruma. Yeye huunguruma akinywa maji. Ndiyo maana hata mbwa wenzao wakati mwingine hawaelewi kama wanatishwa au wanasalimiwa.

Mimi nikaona ndoa inavunjika mbele ya macho yangu. Nikainama katikati yao, nikamshika Tausi mabega, nikaanza kumbembeleza: "Mama, tulia mama, mtu mwenyewe ni mstaarabu." Hapo ndipo nikahisi kitu kizito kimeukumbatia mguu wangu wa kulia kutoka nyuma.

Mtu mstaarabu.

"Usitikisike!" jamaa akapiga kelele. Nikadhani ananionea huruma. Alikuwa anatafuta simu apige picha. Picha ninayo, ameshanitumia mara saba. Kamanda amefumba macho, Tausi anatazama kwa mshangao, na mimi nina uso wa mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno. Mbwa hupanda vitu kwa furaha iliyozidi, kwa mchezo, kwa wasiwasi, kwa kuchanganyikiwa. Mguu wangu usijivune. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya falsafa.

Nilipojinasua, Kamanda akaanguka tumbo chini, miguu imetanuka mbele na nyuma kama ngozi iliyoanikwa. Ulimi ulitoka nje, umepanuka ncha kama kasia, na anahema kwa sauti ya msumeno.

"Anatabasamu," nikasema.

Hapa jamaa alinizidi akili, nakiri. "Hatabasamu huyu, anaungua." Mbwa hujipoza kwa kuhema, na kwa ile njia nyembamba ya pua fupi buldogi hupata hewa kwa kuigombania. Tukamlowesha tumbo na nyayo kwa maji, tukafungua madirisha, tukampepea kwa gazeti, mimi nikipepea kwa chuki kidogo. Dakika ishirini hivi akarudi duniani, akainuka, akajikokota nyuma ya kochi. Tausi naye, baada ya muda, akazunguka akaingia kulekule kwa upande wa pili.

Kimya.

Tukachungulia kutoka mbali. Upande wa kushoto wa kochi kimetokeza kichwa cha Kamanda, kinatazama mlango. Upande wa kulia kichwa cha Tausi, kinatazama dirisha. Nikamkamata jamaa mkono. Nilikuwa nimesoma hiyo! Mbwa wakipandana hufungana, kisha dume hugeuka, wakasimama makalio kwa makalio, dakika tano, kumi, hata thelathini, na ole wako uwatenganishe.

"Wamefungana," nikanong'ona.

"Hongera, mkwe," akanong'ona.

Tukasimama pale kwa vidole vya miguu, hatuthubutu hata kukohoa. Dakika nane kwa saa yangu. Kisha Kamanda akaondoka zake kwenda kunywa maji, na Tausi akabaki vilevile akitazama dirisha. Kochi lile lina urefu wa watu watatu kukaa. Kati ya makalio na makalio palipita, kwa hesabu niliyoifanya baadaye sana, nafasi ya meza ndogo. Walikuwa wamenuniana.

Makubaliano yalikuwa kama kawaida ya wenye mbwa: mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza. Tukashikana mikono. Nikaanza kuhesabu siku 63.

Na Tausi, ili kunimaliza, akapata mimba. Au basi, akapata kila kitu cha mimba. Kwenye wiki ya saba tumbo likajaa, chuchu zikavimba, akawa anachimba blanketi usiku kucha kama anatafuta maji. Kisha akaanza kukusanya familia: soksi moja, rimoti ya televisheni, na ndara yangu ya kushoto. Soksi alikuwa anaisahau sahau. Rimoti aliikalia. Ndara ndiyo kipenzi. Aliilamba kuanzia kisigino hadi kamba, akaigeuza, akaisukuma kwa pua mpaka tumboni, akajilaza taratibu ili inyonye.

"Anafanya mazoezi," nikamwambia mke wangu.

"Unamlisha mara nne kwa siku," akasema. "Hata mimi ningejaa."

Sikumsikiliza. Watu sita walikuwa wameshaomba watoto. Nilitengeneza sanduku la kuzalia kwa mbao, nikalipiga msasa. Na kwa kuwa nilitaka maziwa yafunguke, nikawa namkanda chuchu asubuhi na jioni. Yakafunguka. Nikatoa machozi, jamani.

Siku ya 63 ikapita. Ya 64, ya 65. Ya 66 ndiyo ile ya saa tisa usiku na taulo tatu. Kulipokucha nikampakia kwa daktari wa mifugo, pamoja na ndara, maana bila ndara haondoki.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Akampaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa cha ultrasaundi, akatazama skrini. Akapitisha tena. Mimi nikawa nahesabu vivuli: "Kile pale kichwa?"

"Kile kibofu." Akaweka kifaa chini. "Kaka, walipandana siku ya ngapi ya joto?"

"Ya tano."

"Ulipima damu, homoni ya projesteroni?"

"Nilipima mkia."

Akanyamaza kidogo. "Uliona wanapandana?"

"Niliona vichwa."

Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Msaidizi wake aliyekuwa pembeni akatoka nje ghafla, tukasikia anacheka korido nzima.

Akanieleza. Jike baada ya joto, awe amepandwa au hakuguswa, projesteroni hukaa juu karibu miezi miwili. Ikishuka, homoni ya maziwa hupanda, na mwili wa wengine huamini kabisa kuwa kuna watoto. Mimba hewa. Hupita yenyewe kwa wiki mbili tatu, mradi asiwepo mtu wa kumkanda chuchu, maana kila ukikanda, unauambia mwili: endelea, watoto wananyonya.

Nikatazama viganja vyangu.

"Halafu hawa," akaendelea, "wengi hawapandani wenyewe hata siku ikiwa sahihi. Umbo haliruhusu, pumzi haitoshi. Hufanyiwa uhamilishaji, yaani mbegu za dume huingizwa kwa kifaa. Na kuzaa nako, katika mizao kumi zaidi ya minane hutolewa kwa upasuaji, vichwa vikubwa, nyonga nyembamba. Angekuwa na mimba kweli, wewe pale nyumbani ulikuwa umejiandaa na nini?"

"Taulo tatu."

Wakati huo Tausi, mezani, akapiga mwayo. "Pole, mama amechoka," nikasema. Daktari akatikisa kichwa. "Hajachoka. Ananiomba nimwache." Akaondoa mkono tumboni, akarudi nyuma hatua moja, na Tausi akashusha pumzi ndefu, masikio yakalegea. Miaka mitatu nimeishi na mbwa huyu. Miayo yote ile.

Tulirudi na masharti: chakula kama zamani, mikono mbali na chuchu, matembezi, na zile mali ziondolewe moja moja. Soksi ilitoka siku ya kwanza. Rimoti ya pili. Ndara niliisogelea siku ya tatu. Tausi akaganda, mwezi mweupe ukachomoza jichoni, na safari hii niliusoma mwandiko vizuri. Nikaondoka peku.

Jioni ile jamaa akaja, amevaa vizuri, mkononi kamba ndogo mpya ya shingoni. Sikuwa nimempigia. Nilikuwa natafuta maneno.

"Shemeji hajambo? Nimekuja kuchagua wangu."

Nikamwonyesha sanduku. Akainama, akaona Tausi, akaona ndara. Akatazama chini ya blanketi. "Wengine wako wapi?"

"Ni huyo tu."

Akacheka, akadhani namficha watoto. Akanyoosha mkono aiondoe ndara aone kilicho chini. Tausi akageuza uso pembeni, akalamba pua, akapiga mwayo mkubwa.

"Ona," jamaa akasema, "ameshanizoea."

Nikasogea nikasimama karibu na mlango.