Hofu ya nyuklia haikuianzisha vita ya Iraq
Mwandishi mmoja anadai Iraq ilivamiwa 2003 kwa sababu ya hofu ya bomu la nyuklia. Nakataa. Tarehe 7 Machi mwaka huo Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA), aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba wakaguzi wake hawajaona ushahidi wa mpango wa nyuklia kufufuliwa, na kwamba nyaraka zilizodai Iraq ilitaka kununua urani, malighafi ya bomu, kutoka Niger si za kweli. Siku 13 baadaye Baghdad ikapigwa mabomu! Wakaguzi walihitaji miezi tu, si miaka, na hilo linaniuma hadi leo. Na mashambulizi hayazuii bomu: hata Israel ilipolipua kinu cha nyuklia cha Iraq, Osirak, 1981, mtawala wake Saddam Hussein aliendelea kulitafuta bomu kwa siri, tena kwa nguvu zaidi. Wenzangu, ni shambulio gani liliwahi kumfanya mtawala aache kulitamani bomu?