Kielekezi tupu hakihitaji kuulizwa mara mbili

Miongoni mwa vijana wanaofundishana lugha ya programu ya C hapa Malindi kuna ubishi usiokwisha juu ya mstari mmoja: `if (jina != NULL) free(jina);`. Maana yake: ikiwa kielekezi `jina`, yaani kigeu kinachoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, si tupu (NULL, kisichoelekeza popote), funksheni `free` iiachilie kumbukumbu hiyo. Waliouzoea huona kuuacha ni uzembe, na anayeandika `free(jina);` peke yake hurudishiwa kazi akaambiwa aongeze ulinzi. Naona huyu anaonewa.

Tangu kiwango cha kwanza cha C kilipopitishwa Marekani mwaka 1989, `free` ikipewa kielekezi tupu haifanyi lolote. Hiyo si hisani ya maktaba fulani bali ni wajibu wa kila maktaba inayodai kufuata kiwango, kwa hiyo ukaguzi unaoandikwa nje hurudia kazi ambayo tayari imeachiwa `free` yenyewe. Tena `malloc`, funksheni ya kuomba kumbukumbu, ikiombwa baiti sifuri inaruhusiwa kurudisha kielekezi tupu, na si haki mtu aliyeomba kihalali azuiwe kurudisha alichopewa.

Wanaotetea ukaguzi hawabishi bure. Kabla ya kiwango hicho zilikuwako maktaba ambazo programu ilianguka `free` ikipewa kielekezi tupu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanasema pia kwamba kielekezi kuwa tupu mahali kisipotarajiwa ni dalili ya hitilafu, na `free` huimeza dalili hiyo kimya kimya. Ni kweli, ila `if` nayo huimeza vilevile, anayetaka kuiona hitilafu na aandike `assert(jina != NULL);`, ambayo husimamisha programu sharti lisipotimia. Ama hoja ya kuokoa muda wa kuita funksheni ndani ya kitanzi kinachozunguka mno, ipimwe kwanza ndipo tuijadili.

Faida yenyewe huonekana pale kazi inapokatika katikati. Chukua programu ya kuandikisha samaki wanaopimwa sokoni, inayoomba kumbukumbu mara tatu: ya jina la mvuvi, ya aina ya samaki na ya orodha ya uzito. Ombi lolote kati ya hayo laweza kukataliwa. Mwandishi huanza kwa kuvipa vielekezi vyote vitatu thamani ya NULL, maana C haivianzishi yenyewe ndani ya funksheni; ombi likikataliwa huruka kwa `goto mwisho;`, na hapo mwisho huandika `free` tatu mfululizo bila kujali ni ombi lipi lililofaulu. Ukiweka `if` mbele ya kila moja, unapata mapito manane kwenye karatasi, na hakuna hata moja linalobadilisha matokeo, ilhali anayepima programu kwa uaminifu atataka kuyapitia yote. Baya zaidi, mistari hii hunakiliwa. Mtu hunakili wa kwanza, hubadilisha nusu yake, kisha huacha `if (jina != NULL) free(aina);`. Kompaila hailalamiki, programu haianguki, ila kila mara jina linapokuwa tupu na aina ipo, kumbukumbu huvuja. Kosa hilo limezaliwa na ulinzi wenyewe.

Ahadi ya `free` ina mipaka, na hapo wenye tahadhari wako sawa. `free(rekodi->jina)`, yaani kuachilia jina lililomo ndani ya rekodi, hudai kwanza kwamba `rekodi` yenyewe si tupu, kwa kuwa kompyuta hulifuata jina kabla `free` haijaitwa. `fclose`, funksheni ya kufunga faili, nayo haikupewa ahadi kama hiyo.

Lakini hatari kubwa, ya kuachilia kumbukumbu ileile mara mbili, ukaguzi huo hauigusi kabisa. `free` hupokea nakala ya anwani, kwa hiyo haiwezi kukifanya kielekezi cha mwitaji kuwa tupu. Anwani ya zamani hubaki, `if` huiona si NULL na kuipitisha. Kinachosaidia ni kuandika `jina = NULL;` mara baada ya kuachilia, na hilo husaidia kwa sababu tu `free` ya pili imeahidiwa kutofanya lolote. Kielekezi kingine kilichokwisha kunakili anwani hiyo hakinufaiki. Hicho kinahitaji mwandishi aamue mapema ni sehemu ipi ya programu yenye mamlaka ya kuachilia.